Mafuta ya Nazi ya Katekista

Katekista wetu alikuwa na upara tangu nilipoanza kumjua, upara safi, unaong'aa hata siku ya mawingu. Na kwenye usukani wa baiskeli yake, siku zote, ilining'inia chupa ndogo ya mafuta ya nazi, yale ya kupaka nywele. Sasa niambieni nyie, mtu asiye na unywele hata mmoja anatembea na mafuta ya nywele ya nini?

Swali hilo lilikula jioni nyingi pale kwetu Mabawe, wilaya ya Ngara. Wanawake wa kisimani walikuwa na jibu lao: kuna mwanamke Nyakahura. Kila baada ya miezi kadhaa Katekista aliteremka na baiskeli kutoka kwetu milimani hadi Nyakahura, huko wilaya ya Biharamulo, alikoolewa dada yake. Aliondoka alfajiri akafika jioni mbavu zikimuuma, na chupa inaning'inia. Dada gani huyo, wakasema, anayepelekewa mafuta kila safari, halafu chupa inarudi imejaa vile vile? Mama yangu, ambaye hakupenda umbea lakini hakuukimbia, alisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliamini yote. Mtu yule alikuwa amenitenda jambo, na mtu aliyekutenda jambo, kila baya lake ni tamu kulisikia.

Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake ziulizwe kwingine. Mimi nalijua koti lake.

Lilikuwa koti zito la kijivu, kola imelika, vifungo vitatu vya rangi tatu. Alilivaa mwaka mzima. Sisi wa milimani tunaijua baridi: mwezi wa sita na wa saba ukungu unalala juu ya migomba hadi saa tatu asubuhi, na watoto wakienda shule wanatoa moshi mdomoni. Hapo koti halina ubishi. Lakini Katekista alilivaa hata akiteremka Biharamulo, kule ambako jua likiwaka unatamani kuvua ngozi. Shangazi yangu aliyekuwa akiishi huko alimkuta sokoni siku moja, jasho linamtiririka hadi kwenye kola, akamwuliza kama ana homa. Akajibiwa kwamba hakulivaa kwa ajili ya kwenda, amelivaa kwa ajili ya kurudi.

Basi ukawa ndio usemi wake. Mtoto akija mafundisho na daftari bila kalamu: koti ni la kurudi. Bwana harusi akinunua bia nyingi kuliko mchele: koti ni la kurudi. Aliwahi kuusema hata kwenye mazishi, jeneza likiwa limeshashushwa, na watu wazima wakainamisha vichwa kana kwamba wamesomewa Injili. Mimi sikuinamisha kitu.

Alikuwa mkali. Mafundisho yalikuwa Jumamosi, kwenye kigango chetu kilichojengwa juu kabisa ya kilima, mahali ambapo upepo ukivuma hauulizi una sweta au huna. Alitupanga mstari nje na kuanza na vifungo vya shati. Shati chafu si dhambi, alisema, maji yako mbali. Lakini kifungo kilichoachwa wazi ni uvivu, na uvivu ni dhambi kwa sababu hauhitaji maji. Fimbo yake ya mkaratusi ilikaa nyuma ya mlango, na sote tulijua iko upande gani. Akiwa amekasirika Kiswahili chake kilirudi nyumbani, ikawa "sara" badala ya "sala", na ole wake aliyecheka.

Na bado mtu huyo huyo ungemkuta anasukuma baiskeli kupanda mlima, kuni za bibi wa watu zimefungwa nyuma, bibi mwenyewe anatembea pembeni mikono mitupu akimsimulia magonjwa yake yote. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetaka ubatizo akiwa ameshakwisha meno. Kila akiisali Baba Yetu alipotelea pale pale kwenye mkate. Katekista alikwenda nyumbani kwa mzee huyo wiki baada ya wiki, akakaa naye chini, wakaanza upya. Hakuinua sauti hata mara moja. Siku ya ubatizo mzee alifika kwenye mkate, akasimama, kanisa zima likashika pumzi, akavuka. Katekista alilia hadharani. Subira yote aliyojaliwa aliwapa wazee, sisi watoto tukapata fimbo.

Mafundisho yenyewe yalikuwa maswali na majibu. Yeye anauliza, sisi tunajibu kwa pamoja, mikono imekunjwa kifuani, kwa wimbo fulani unaopanda na kushuka, bila kubadilisha neno. Kila swali lilikuja na jibu lake kama sufuria na mfuniko. Jumamosi ya mwisho kabla ya komunyo ya kwanza kulikuwa na mtihani. Unasimama mbele yake peke yako, unajibu matatu, na ukipata anaweka kiganja chake kwenye paji la uso wako, anasema, "Umefaulu." Neno moja tu. Watoto walishuka kile kilima wakikimbia na lile neno kama wamepewa sukari.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa ameshashona gauni jeupe, tena kwa mkono, mishono midogo midogo. Nilijibu matatu yote. Aliponiuliza Mungu yuko wapi nikajibu inavyotakiwa, yuko mbinguni na yuko kila mahali, na kidole changu kikanyooka juu chenyewe. Hapo ndipo lilipotoka. Likizo ile nilikuwa nimetoka kwa shangazi Biharamulo, nimelala bila blanketi kwa mara ya kwanza maishani, na jambo hilo lilikuwa bado linanitekenya. Nikasema, kwa adabu kabisa:

"Katekista, jua liko juu. Sasa mbona huku juu tunatetemeka, na kule chini kwa shangazi kuna joto?"

Kiganja kilikuwa kimeshainuka kuja kwenye paji langu. Kiliishia hewani. Alinitazama muda mrefu, kisha akaenda nyuma ya mlango. Nilipata mbili za kiganjani, wala si za nguvu. Lakini baada ya hapo akatamka mbele ya wote kwamba mtoto anayehoji kazi ya Muumba hajawa tayari, atasubiri mwaka mwingine.

Mwaka mzima, jamani, kwa kuuliza juu ya baridi.

Jumapili ile nilisimama nje ya kigango na sweta la shule, nikawaangalia wenzangu wakiingia wawili wawili na mishumaa. Mama alisimama pamoja nami nje misa yote, hakuingia. Gauni lilikunjwa likawekwa sandukuni. Mwaka uliofuata lilikuwa limenibana, mama akafumua kiunoni akaongeza kipande cha kitambaa kingine, cheupe lakini si kile cheupe, na ndivyo nilivyopokea komunyo yangu, na mkanda wa aibu tumboni. Mtihani wa mwaka huo Katekista hakunigusa paji wala hakusema neno. Aliangalia chini, akaandika jina langu kwenye orodha.

Nieleweke hapa. Sikuchukia kanisa. Nilichotaka, tangu siku hiyo hadi nimekuwa mama wa watu, ni kitu kimoja: yule mtu aseme kwa mdomo wake kwamba swali langu halikuwa dhambi. Basi. Nilisoma kwa hasira ya kitu hicho. Shule ya msingi ukuta wetu uliandikwa kwa rangi ya bluu, KUULIZA SI UJINGA, nikawa naupita kila asubuhi naona unanicheka. Mwalimu wa sayansi nilipomwuliza alinijibu vizuri: jua halipashi hewa moja kwa moja, linapasha ardhi, na ardhi ndiyo inayopasha hewa, kwa hiyo ukiwa mbali na ardhi unapata baridi. Nikafurahi hadi nilipofika nyumbani. Halafu nikajiuliza, kwani kilima si ardhi? Kigango chetu kinaelea? Jua linapiga kilima kama linavyopiga bonde. Nikarudi kesho yake na hilo, mwalimu akasema kengele imelia.

Niliendelea hadi chuo. Nilijifunza kukokotoa jinsi joto linavyopungua kadiri unavyopanda, nikapata alama nzuri sana, na leo ni mwalimu wa Fizikia katika sekondari moja Biharamulo. Lakini nitasema ukweli: niliweza kuikokotoa, sikuweza kuiona. Kichwani mwangu namba zilikaa upande mmoja na kile kilima upande mwingine, wala havikusalimiana. Hilo sikumwambia mtu. Mwalimu wa Fizikia atasemaje?

Nilipokuwa nikienda nyumbani kusalimia nilimpa Katekista shikamoo ya mbali, ile ya kurusha ukiwa umeshageuka. Mama alipofariki yeye ndiye aliyeongoza rozari. Baada ya mazishi alinifuata mgombani nilikokuwa nimejitenga, akaniita jina, akasema ana neno na mimi. Nilimwambia baadaye, Katekista. Asubuhi yake nikapanda basi la kwanza.

Sasa sikilizeni kilichonipata mwaka huu.

Nilikuwa darasani kidato cha kwanza, kipindi cha mchana, jua la Biharamulo limeshuka kwenye mabati na watoto wanasinzia. Nikataka kuwaamsha. Nikawauliza kwa Kiswahili, nani anaweza kuniambia kwa nini Ngara kuna baridi kuliko hapa, na wakati kule ni juu, karibu zaidi na jua? Binti mmoja akasimama nyuma. Alikuwa mgeni, ametoka Mugoma, huko huko milimani kwetu, anaishi kwa mjomba wake mjini. Hakunyoosha mkono. Alikunja mikono kifuani, akafumba macho, na kwa wimbo ule ule, unaopanda na kushuka, akaanza:

"Swali la Veneranda. Jua liko juu, mbona juu kuna baridi? Jibu. Jua halipashi hewa, lapasha ardhi, nayo ardhi yapasha hewa. Hewa ya chini imebebeshwa hewa yote iliyo juu yake, imebanwa. Ikipanda yapunguziwa mzigo, yatanuka, na kutanuka kwake hulipiwa kwa joto lake. Ushahidi ni pampu."

Akafumbua macho, akakaa. Darasa likacheka hadi madawati yakalia.

Mimi nilishika ukingo wa meza. Veneranda ni mimi. Ndilo jina langu la ubatizo, ambalo pale shuleni hakuna anayelijua, kwa kuwa wote wananiita Madam. Nilimwuliza yule binti kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua: hayo amefundishwa na nani? Akasema Katekista mmoja mzee, ni swali la mwisho la mafundisho, kwao wote wanalijua, na vigango vya jirani pia. Nikamwuliza huyo Veneranda ni nani.

"Sijui, Madam," akasema. "Wengine wanasema ni mtakatifu."

Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya vyoo vya walimu, mahali pasipo na heshima yoyote. Miaka thelathini na mitatu nimembeba yule mtu kama jiwe kwenye kiatu. Na kwa baadhi ya miaka hiyo, kumbe, watoto wa milima yote ile wamesimama wakalitamka jina langu kwa mikono iliyokunjwa. Sikujua nicheke au nipige mtu. Jumamosi nikapanda basi.

Njia nzima nilitunga hotuba. Tulipoanza kupanda baada ya Benako dirisha likaanza kupoa, nikakumbuka kwamba sina hata khanga ya kujifunika. Ngara mjini nilichukua bodaboda, na nilipofika Mabawe meno yalikuwa yanagongana. Nilimkuta ameegemea ukuta wa nyumba yake, upande wenye jua, anapukuchua maharage kwenye ungo. Amekonda. Jino la mbele hana. Baiskeli imesimama pembeni, tairi zimelala, na kwenye usukani, Mungu wangu, chupa ya mafuta ya nazi.

Nikampa shikamoo, safari hii ya karibu. Akaitikia marahaba. Akanitazama mikono iliyojikumbatia, akainuka polepole, akaingia ndani, akatoka na lile koti, akanitupia mabegani.

"Mwalimu mzima wa mambo ya hewa," alisema, "unapanda huku bila koti."

Hotuba yangu yote ikapotea. Nilikaa kwenye kigoda alichonionyesha, nikamwambia nimesikia swali langu darasani. Hakushtuka. Akaendelea kupukuchua kidogo, kisha akaliweka ganda chini, na aliyoyasema sikuwa nimeyaandalia moyo.

"Sikukunyima komunyo kwa sababu ulimkosea Mungu," alisema. "Nilikunyima kwa sababu kesho yake Paroko alikuwa anakuja. Nilikujua. Ungemwuliza yeye, mbele ya watu, naye angenigeukia mimi nijibu. Nami sikuwa na jibu. Ni hilo tu, Veneranda. Niliona aibu kabla haijanifika."

Miaka yote hiyo nilidhani nimeadhibiwa na imani ya mtu. Kumbe ni woga. Woga mdogo, wa kawaida, kama wa mtoto aliyevunja mtungi. Nikamwambia kwa hasira kwamba mama yangu alisimama nje misa nzima. Akasema anajua, alimwona mlangoni. Na mwaka wa pili aliliona gauni. Alilitaja lilivyokuwa, kipande kiunoni, kitambaa cheupe ambacho si kile cheupe. Kila aliponipita kwenye mstari, alisema, aliiona kazi ya mikono yake.

Siku hiyo ya mwaka wa pili, baada ya misa, walikula na Paroko nyumbani kwa mwenyekiti wa kigango. Katekista akajikaza, akamwuliza yeye mwenyewe. Paroko akafikiri, akasema hajui, akaomba asogezewe chumvi. Akaendelea na viazi vyake. Hakuaibika, hakukasirika. Mtu yule yule ambaye Katekista alimwogopa hadi akamweka mtoto nje ya mlango mwaka mzima, alisema "sijui" kwa sauti ile ile aliyoombea chumvi. Katekista aliniambia chakula kilimshinda, akatoka akaenda kushika baiskeli yake tu.

Ndipo alipoanza kutafuta. Aliomba kipimajoto kwenye zahanati, muuguzi akamwangalia kama mwizi. Lakini alikuwa ameona kitu kwa dada yake: mafuta ya nazi ambayo dukani kwetu yanauzwa yameganda kama jiwe, kule Nyakahura yanamiminika kama maji. Akanunua chupa, akaifunga kwenye usukani. Akishuka, aliangalia yanapoanza kulegea. Akipanda, yanapoanza kuganda. Alifanya hivyo siku za jua na siku za mawingu, miaka, akijua watu wanasema ana mwanamke. Hakujitetea hata mara moja. Nilijisikia vibaya sana hapo, kwa sababu nami niliyasema hayo, tena kwa raha.

Kuhusu ardhi kupasha hewa, alielezwa na bwana shamba, akakwama pale pale nilipokwama mimi: kilima nacho ni ardhi. Aliganda hapo muda mrefu kuliko mafuta yake, alisema, akacheka na pengo lake. Hadi siku moja tairi lilipoisha upepo chini ya mlima. Akawa anapampu kwa haraka, ameshika pampu kwa chini, chuma kikamchoma. Akajaza kupita kiasi, akaachia kidogo, na upepo uliotoka ukampiga kidoleni, baridi. Alikaa chini barabarani, magari yanampita.

Alipofika hapo katika kusimulia akainuka, akaitoa pampu kwenye baiskeli, akanipa.

Mimi, mwenye shahada, niliziba tundu kwa kidole gumba nikapampu. Mara ya kumi, ya ishirini. Chini ya pampu kukapata moto, moto kweli. Ndipo nikainua macho nikaona bonde letu lote mbele yangu, na juu yake, kwa mara ya kwanza, nikauona mzigo: hewa juu ya hewa juu ya hewa, ya chini imebanwa na joto lake, inayopanda inatua mzigo, inatanuka, inapoa, hadi inatufikia hapa tulipo tukitafuta koti. Namba zangu na kilima changu vikasalimiana. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo mara mia.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia ana neno, mgombani, siku ya msiba. Akasema ndiyo sababu aliliweka swali kwenye mafundisho na jina langu juu yake, akijua watoto hutembea, huenda mmoja atafika niliko.

Nilidhani tumemaliza. Nilianza kuvua koti. Akanizuia kwa mkono, akasema bado, kuna jingine, na hapo sura yake ikabadilika, ikawa ya mtu mwenye shida. Mwaka huu, alisema, kwenye mtihani, mbele ya Paroko mpya kabisa, kasichana kamoja kamemwuliza: kama juu ndiko kwenye baridi, mbona asubuhi sana bondeni mtoni ndiko kwenye baridi kali, na ukipanda kilima unapata nafuu?

"Nikamwambia sijui," alisema. "Kwa sauti. Paroko akasikia, wote wakasikia. Nikamwekea mkono, akapokea Jumapili. Lakini anasubiri jibu, Veneranda. Kila Jumamosi ananiangalia. Nami sina safari nyingi zilizobaki."

Nilitabasamu. Hii ni kazi yangu. Nikamweleza kimwalimu kwamba ardhi hupoa usiku, hewa inayoigusa hupoa pia, na hewa baridi ni nzito, kwa hiyo huteremka ikajikusanya bondeni kama maji. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha. Kisha akanyoosha kidole kwenye pampu niliyokuwa bado nimeishika.

"Ikiteremka si inabanwa?" aliuliza. "Ikibanwa si inapata moto?"

Nilifungua mdomo. Nilijua kuna maneno, yako mahali kwenye daftari fulani la chuo, na ulimi ulikuwa tayari kutupa lolote lenye sauti ya kisomi ili mzee anyamaze. Nilihisi linakuja. Nililitambua, kwa sababu niliwahi kuliona likija usoni kwa mtu mwingine, kiganja kikiwa hewani. Nikalimeza.

"Sijui, Katekista," nikasema. "Nitatafuta."

Akaweka ungo chini. Akainuka kwa kushika ukuta, polepole, goti moja kisha la pili, maharage mawili yakadondoka kutoka mapajani mwake. Akaja akaweka kiganja kwenye paji langu la uso. Kilikuwa kikavu na kina joto la jua la ukutani.

"Umefaulu," akasema.

Nina miaka arobaini na mitatu. Nilipotazama chini, mikono yangu, sijui tangu saa ngapi, ilikuwa imekunjwa kifuani.